Kura ya Mjomba

Goma, 20 Desemba 2023, usiku

Kidole changu bado kina wino. Nimepiga kura saa tisa alasiri, baada ya kusimama tangu saa moja asubuhi kwenye uwanja wa shule moja hapa Katindo. Mashine za kupigia kura zilikawia kuwaka, mvua ikanyesha, ikakatika, ikarudi. Kina mama wenye watoto mgongoni walipitishwa mbele na hakuna aliyelalamika. Nilipotoka miguu ilikuwa imevimba, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia.

Mjomba alikuwa amekaa kibarazani niliporudi. Alinishika mkono, akakigeuza kidole changu kwenye mwanga wa taa, akakitazama kama mtu anayesoma barua. Halafu akauliza kama sombe imeiva.

Yeye hakupiga kura. Ni mtu wa Kiwanja, kule Rutshuru. Alifika kwetu mwisho wa Oktoba mwaka jana, wiki ile waasi wa M23 walipoingia Kiwanja, akiwa na redio, godoro na wajukuu wawili. Leo nchi nzima imechagua isipokuwa Masisi, Rutshuru na, kule magharibi, Kwamouth. Huko uandikishaji wenyewe haukuwezekana kwa sababu ya vita, na redio ilipokuwa ikisoma habari za foleni za Kinshasa na Lubumbashi, Mjomba alikuwa akimenya viazi na kusikiliza mpaka mwisho wa kila taarifa.

Angeweza kujiandikisha hapa mjini. Februari, CENI, tume yetu ya uchaguzi, ilipofungua vituo vya kuandikisha wapiga kura upande wetu wa nchi, nilimwambia twende pamoja. Alikataa. “Mama,” akaniambia (wazee wetu huwaita hivyo hata mabinti wadogo), “nikijiandikisha hapa nitachagua depite, mbunge, wa Goma. Nani atasema habari ya shamba yangu? Na siku wakiuliza watu wa Kiwanja wako wapi, karatasi yangu itajibu kwamba nimehama.” Nilifikiri ni ukaidi wa uzee. Tena ukaidi wa gharama, kwa sababu kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Asiyekuwa na kadi mpya anapata shida kwenye barieri, anapata shida kupokea pesa kwenye simu. Mjomba anatembea na kadi yake ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa kadi hiyo alichagua mwaka 2018, katika shule ile ile alikochagua mwaka 2006 na 2011.

Wiki nzima mjini kumekuwa na ubishi mmoja. Kwenye foleni ya maji, kanisani, hata juu ya moto (pikipiki): kama watu wenye silaha wameshika nusu ya mkoa, kwa nini uchaguzi usiahirishwe kwa nchi nzima mpaka usalama urudi? Wengine wanajibu kwamba ukiahirisha kwa sababu ya magaidi umewapa wao kalenda ya nchi. Nimesikiliza pande zote mbili na siwezi kumcheka mtu yeyote kati yao, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa upande wa kuahirisha, kwa nguvu zangu zote.

Ilikuwa Desemba 2018. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Beni, ni fundi cherehani. Mwaka ule Ebola ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 1 Agosti, na juu ya Ebola kulikuwa na kundi lenye silaha la ADF. Septemba waliingia hadi mjini na kuua raia. Usiku ule yaya alinipigia akiwa chini ya kitanda, akinong'ona, mimi nikiwa huku Goma nisijue hata la kumwambia. Basi tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya kura, CENI ilipotangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watachagua Machi kwa sababu ya ugonjwa na mashambulizi, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Niliwaza foleni. Foleni ni watu waliojipanga wenyewe mbele ya bunduki. Nikampigia yaya kumpa pole na, ndani ya moyo, kumpongeza.

Alinijibu kwa hasira ambayo sikuijua kwake. “Tuko tunakufa kila siku, juu ya nini tusichague siku moja?” Nikamwambia ni miezi mitatu tu, uhai kwanza. Akaniuliza, “Rais ataapishwa mwezi gani?” Nikasema Januari. “Basi mimi mwezi wa tatu nitamchagua nani?”

Sikuwa na jibu. Soko la Beni lilikuwa wazi, makanisa yalijaa, mikutano ya kampeni ilikuwa imefanyika. Hatari ilikuwa ya kweli, lakini ilionekana kuwazuia kwa jambo moja tu. Na uamuzi ule haukuleta utulivu: kesho yake watu waliandamana, na kituo kimoja cha kupokea washukiwa wa Ebola kikavamiwa, wagonjwa wakakimbia. Kwa hiyo hata ugonjwa, uliotajwa kama sababu, ulipata nafasi zaidi.

Tarehe 30, nchi ilipopiga kura, watu wa Beni walijiandalia uchaguzi wao. Yaya alikwenda. Walinawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kushika karatasi, wakapanga foleni kama kawaida, wakahesabu kura mbele ya watu wote. Walijua kabisa kwamba hazitahesabiwa Kinshasa. Zaidi ya wapiga kura milioni moja wa sehemu zile tatu walibaki nje ya hesabu ya urais. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na tarehe 31 Machi Beni wakaitwa kuchagua wabunge. Rais alikuwa na miezi miwili kazini. Tangu hapo sipendi kusikia neno “kuahirishwa” likitumika kwa jambo lile. Kinachoahirishwa hufanyika baadaye. Kura ya urais ya yaya haikufanyika kamwe.

Ninafundisha uraia sekondari, na kila mwaka somo la uchaguzi linaniletea swali hili la kuahirisha kutoka kwa mwanafunzi fulani wa nyuma. Huwa ninawasimulia Nigeria. Mwaka 2015 kura ilipangwa tarehe 14 Februari. Wiki moja kabla, wakuu wa usalama walisema jeshi liko kwenye vita na Boko Haram, haliwezi kulinda vituo. Profesa Attahiru Jega, mwenyekiti wa tume yao, akasogeza kura hadi tarehe 28 Machi. Wengi walisema rais aliyekuwa madarakani anatafuta njia ya kubaki. Inawezekana. Lakini angalieni jinsi ilivyofanyika: nchi nzima ilisogea pamoja, kwa wiki sita, na tarehe ya kukabidhi madaraka, 29 Mei, haikuguswa. Jeshi lilirudisha miji mingi katika wiki zile. Na waliokimbia vijiji vyao katika jimbo la Borno, kulikokuwa na vita hivyo, walitengewa vituo vya kura kwao kambini, Maiduguri. Goodluck Jonathan akashindwa, Muhammadu Buhari akaapishwa siku ile ile iliyokuwa imeandikwa.

Wahispania nao hawakusogeza hata saa moja. Mabomu ya treni za Madrid yaliua watu zaidi ya 190 tarehe 11 Machi 2004, na tarehe 14 wakapiga kura, wengine wakitoka mazishini. Mfano huu huwagusa wanafunzi, ila mimi huutumia kwa tahadhari. Madrid ilishambuliwa asubuhi moja, na serikali ilikuwa bado imeshika kila mtaa wake. Huwezi kumwambia karani wa uchaguzi apeleke mashine Kiwanja leo, apite katikati ya mstari wa mbele, eti kwa sababu Wahispania walikuwa jasiri. Karani ni mtoto wa mtu. Hapo sibishani na CENI hata kidogo.

Ninachobishana nacho ni wazo kwamba hatari ikiwa mahali, basi watu wa mahali pale ndio wanaosubiri. Hawapo kule! Wako kambini Bulengo, wako kambini Kanyaruchinya, wako kwenye vibaraza vyetu. Kutoka shule niliyopigia kura hadi kambi ya Bulengo motari hachukui muda mrefu. Mashine iliyofika Katindo ingefika na kule, ikiwa na orodha ya wagombea wa Rutshuru na Masisi, mtu akaulizwa kijiji chake na kumchagulia kijiji chake mbunge. Wanaoogopa majina hewa kambini wana hoja, na hoja hiyo inahitaji mashahidi wa vyama vyote wakae pale na daftari zao tangu siku ya kwanza ya kuandikisha. Ni kazi ngumu. Borno haikuwa kazi rahisi.

Na tarehe. Jamani, tarehe! Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua kitu cha muda kinavyozoea nyumba. Etat de siège, utawala wa kijeshi wa hali ya hatari, ilianza tarehe 6 Mei 2021, ikasemwa ni siku 30. Baada ya hapo bunge limeirefusha siku 15, siku 15, siku 15, na leo nimechagua mbunge wa bunge la mkoa lililosimamishwa tangu siku ile, katika mkoa unaoongozwa na gavana mwanajeshi. Kabla ya hapo tulikuwa na 2016, uchaguzi ulipopita tarehe yake na neno glissement, yaani kuteleza kwa kalenda, likawa la kila kinywa. Tulichagua miaka miwili baadaye. Watu waliozoea hivyo, ukiwaambia “mtachagua usalama ukirudi” bila kutaja siku, wanasikia kitu kingine kabisa. Mjomba aliposikia alisema tu, “Usalama? Nina miaka sitini na tisa.”

Mwaka jana serikali iliitangaza M23 kundi la kigaidi. Nilisikia Mjomba akimweleza mjukuu wake maana ya neno hilo: ni mtu anayetaka uogope mpaka uache kufanya mambo yako.

Sasa ni saa nne usiku. Wino haujatoka kwa sabuni, na nje moto bado zinapita, watu wanarudi vituoni. Inasemekana penye mashine mbovu wataendelea kesho. Baada ya chakula Mjomba aliniomba daftari na kalamu. Nilidhani anataka kuandika hesabu ya viazi. Amekaa karibu saa nzima chini ya taa, akiuliza mara moja moja tarehe ya leo na herufi za jina fulani. Halafu akanipa daftari nilihifadhi.

Ameandika majina ya watu wa ukoo waliokuwa wakipiga kura naye Kiwanja, kumi na mmoja, na mbele ya kila jina mahali alipo. Yeye mwenyewe: Goma. Dada yake na bintiye: Bulengo. Wanne Kanyaruchinya. Watatu Uganda. Mbele ya jina la kumi na moja, mwanawe wa mwisho, ameacha nafasi.