Kiwanda cha River Road

Baba alikuwa fundi wa kuchapa santuri Industrial Area, Nairobi. Akirudi nyumbani mtaa wa Jericho jioni, shati lake linanuka plastiki ya moto. Tukimuuliza habari za kazi, alieleza kwa mikono: tonge jeusi la plastiki linawekwa kati ya lebo mbili, mashine inafumba, inabana kwa joto la mvuke, maji baridi yanapita, sahani inatoka na mifereji yake tayari. Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika ndizo zilizokuwa zikinunuliwa sana. Wimbo wa benga, muziki wa magitaa wa Kenya, haukutoshea upande mmoja. Unasikiliza maneno, unageuza, ndipo magitaa yanapofunguka.

Jumamosi moja, katikati ya miaka ya 80, alinipeleka River Road kutafuta santuri ya bendi ya Les Wanyika. Yake ilikuwa imechakaa, na gitaa la besi la Tom Malanga lilikuwa likisikika kwa mikwaruzo. Duka alilolizoea lilikuwa limejaa kaseti hadi darini.

"Santuri hazitoki siku hizi, mzee. Chukua hii, ina nyimbo kumi."

Jalada lilikuwa la fotokopi, jina la bendi limekosewa. Nyuma ya kijana muuzaji, deki za kaseti zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, nyaya zikitoka kwenye deki moja kwenda kwa zote, taa nyekundu zikiwaka.

"Hizi mnaletewa kutoka kiwanda gani?"

"Kiwanda si ndiyo hiki, mzee!"

Baba alizitazama deki kwa muda. "Na waliopiga wanapata nini?"

Kijana akamgeukia mteja mwingine.

Kazini kwa baba, kila santuri iliyotoka ilihesabiwa. Wanamuziki walilalamikia malipo, na mara nyingi walikuwa na haki, lakini palikuwa na hesabu ya kudai. Pale River Road hapakuwa na daftari.

Hatukununua kitu. Tukielekea steji aliniambia, "Hawa wanatumaliza." Mimi niliitamani ile kaseti, nisifiche. Redio-kaseti ilitumia betri hata kijijini kusiko na stima, na matatu haikuweza kucheza santuri barabarani kwenye mashimo. Watu walikuwa na sababu zao. Miaka michache baadaye mashine za kina baba zilizimwa.

Sasa nawaona vijana Kenyatta Market wakizinunua zile 45 kwa bei ambayo baba hangeamini. Nafurahi sana kuzisikia tena. Ila hata pesa hiyo haimfikii aliyepiga gitaa.