Nilivyowatafuta wachongaji wa Hoysala vijijini

Nimezaliwa Tabaka, Kisii, katika nyumba ambayo vumbi la mawe lilifika mpaka kwenye vikombe vya chai. Baba alichonga viboko, ndovu na sahani. Mama akavisugua kwa msasa ndani ya karai la maji. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuandikwa jina la baba. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma Mysuru, kusini mwa India, mwalimu akanieleza kwamba wachongaji wa ufalme wa kale wa Hoysala, uliotawala eneo hilo, waliandika majina yao kwenye kazi zao, tena kwenye jiwe linalofanana na letu, nikaanza kuhesabu siku za likizo.

Wageni wengi huenda Belur, Halebidu na Somanathapura, mahekalu ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha yake mwaka 2023. Ni mazuri kweli. Lakini Wahoysala walijenga hata vijijini, na huko ndiko nilikotaka kwenda. Nilipanda basi hadi mji wa Hassan, nikachukua chumba karibu na stendi, nikapanga kutoka kila asubuhi.

Siku ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilipanda basi la kijijini nikashuka kijiji cha Doddagaddavalli saa saba mchana, lango limefungwa, jua la utosi, na basi la kurudi halina habari. Bibi mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe kando ya ziwa alinionyesha kwa kidole nyumba ya mwenye ufunguo. Tangu hapo nilijua la kufanya. Nilikodi tuktuk ya nusu siku, tukaondoka alfajiri, na nikajifunza sentensi moja ya Kikannada, lugha ya huko, iliyo muhimu kuliko zote: “Beegada kai yaara hattira ide?” Ufunguo uko kwa nani? Dereva nilimwita anna, yaani kaka, na mara nyingi yeye ndiye aliyeniulizia kabla sijafungua mdomo. Nilibeba pia tochi, na soksi, kwa sababu viatu vinaachwa nje na sakafu ya mawe mchana inaunguza nyayo.

Hekalu la Doddagaddavalli lilijengwa na mfanyabiashara na mkewe mwanzoni mwa karne ya 12. Lina vyumba vinne vitakatifu vinavyotazamana, na penye chumba cha Kali, mungu wa kike wa Wahindu, wanasimama walinzi wawili wa mawe, pepo wakavu, mbavu zote nje. Nilipowamulika kwa tochi nilirudi nyuma hatua mbili.

Mosale nilipenda mahekalu mawili pacha, moja la mungu Shiva na jingine la mungu Vishnu, yamesimama kama majirani wanaoazimana chumvi. Koravangala, la mwaka 1173, nilipita haraka kwa sababu ya mvua. Halebidu nako nilifika, kwa kuwa ndiko ulikokuwa mji mkuu wa Wahoysala, Dwarasamudra, ulioshambuliwa na jeshi la Delhi mwaka 1311. Nililikwepa hekalu kubwa lenye umati, nikaenda kwenye mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, jirani yake. Nguzo zake zimekerezwa na kung'arishwa mpaka kivuli changu kilionekana ndani ya jiwe. Jiwe hilo ni laini likitoka machimboni, kisha hukaza likipigwa na hewa. Ndiyo maana mchongaji aliweza kuchonga shanga moja moja shingoni mwa mungu.

Lakini safari yangu ilikuwa ya Nuggehalli. Hekalu la Lakshmi Narasimha lilijengwa mwaka 1246, na wachongaji wawili waligawana ukuta: Baichoja kusini, Mallitamma kaskazini. Kuhani alinizungusha polepole. Sanamu za Baichoja zimetulia, kila kidole kimepimwa. Za Mallitamma zina haraka, magoti yamekunjwa, kama ngoma imeanza sasa hivi. Mimi ni wa Mallitamma. Jina lake liko Amruthapura, kwenye hekalu la mwaka 1196, na liko Somanathapura, la mwaka 1258.

Kuhani aliinama, akapangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa chake chini ya miguu ya sanamu moja, na herufi za Kikannada zikatokea, ndogo, zimekatwa kwa mkono uliozoea. Akanisomea jina, nikalirudia mpaka akatosheka na matamshi yangu.

Nilimpigia baba simu ya video palepale. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, “Sogeza karibu, mwanangu. Hapo penye kidole cha mguu.” Nikasogeza. Akaniomba nipapase ukingo wa ukucha nimwambie kama ni mkali au umesuguliwa. Nilimwomba ruhusa kuhani kwa macho, akatikisa kichwa kukubali.

“Umesuguliwa,” nikasema.

“Na maji,” baba akajibu, kisha akamwita mama aje aone.