Kilomita 42 kandoni mwa Ziwa Superior

Mbio za North Shore hazina kona nyingi. Unaanzia nje kidogo ya Two Harbors, jimboni Minnesota, unashika barabara ya zamani namba 61, na ziwa linabaki mkono wa kushoto hadi unapoingia mji wa Duluth. Ni kilomita 42, sawa na marathoni ya miguu, ila hapa watu huvaa viatu vya magurudumu. Zilianza mwaka 1996 na hufanyika Septemba, majani yakishaanza kugeuka manjano.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Shuleni tulifundishwa kwamba Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi. La kwanza ni hili la Superior. Nilipofika Minnesota, nikawaona watu wakiteleza kandoni mwake kwa mwendo wa baiskeli, nilitaka kuwa mmoja wao, na kwa miaka kadhaa nikawa.

Kisha majira ya baridi moja nilianguka kwenye barafu mahali pa kuegesha magari, kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika, nikafungwa hogo. Mguu uliofungwa hauna pampu. Unapotembea, misuli ya kigimbi hubana mishipa na kuirudisha damu juu kuelekea moyoni. Misuli ikilala, damu hutuama, na damu iliyotuama huweza kuganda. Yangu iliganda. Kipande kikameguka kutoka kwenye donge, kikapanda hadi pafuni. Ngazi za kwetu, ambazo hata kwa magongo nilikuwa nazipanda bila kusimama, siku hiyo zilinikatisha pumzi katikati. Nikakaa palepale nikisikia kama kisu ubavuni kila nilipovuta hewa, mpaka gari la wagonjwa likaja.

Watu wengi hudhani dawa ya kuzuia damu kuganda huyeyusha donge. Kazi ya kuyeyusha hufanywa na mwili wenyewe, polepole. Dawa inazuia lisikue wala lisizaliwe jingine. Gharama yake ni kwamba ukiumia, damu haikatiki upesi, na ukigonga kichwa, inaweza kuvujia ndani pasipo mtu kuiona. Daktari wangu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniambia: “Kutembea, ndiyo. Baiskeli ya mazoezi isiyosogea, ndiyo. Magurudumu, subiri mpaka dawa iishe.” Nilimtii. Nilikuwa naupenda mchezo huu, lakini nilishaona jinsi watu wanavyoanguka.

Dawa ilisimamishwa katikati ya kiangazi, kwa kuwa chanzo cha donge kilijulikana na vipimo vilikuwa vizuri. Pumzi nayo ilikuwa imerudi. Mguu ndio haukuwa wangu bado. Katika kuteleza, kila msukumo unakuacha juu ya mguu mmoja, goti limekunjwa, uzito wote ukiwa pale. Juu ya mguu wa kulia nilikaa kwa raha. Juu ya ule wa kushoto niliharakisha kushuka, kama mtu aliyekanyaga ubao asiouamini. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha jambo hilo, na nadhani wanaotibu wanamichezo wangefanya vema kulizungumza mapema.

Asubuhi ya mbio niliomba kuanza na kundi la nyuma. Ndani ya kiatu nilivaa soksi ndefu ya kubana. Upepo ulitoka kusini-magharibi, usoni kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana upepo kama huo haukatwi na mtu mmoja. Watu hujipanga mstari, wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumzika mgongoni mwake, kisha wanapokezana. Lakini mstarini mmoja akianguka, anawaangusha na waliomfuata. Kwa hiyo nilikaa peke yangu. Mistari ilinipita mmoja baada ya mwingine, nami nikainama chini zaidi na kusukuma, na ziwa likawa linatoa mawimbi meupe pembeni.

Tulipopita kijiji cha Knife River mapaja yalikuwa yanawaka moto. Mstari mwingine ukanifikia, wote watu wazima, wanakwenda kwa mpangilio mzuri. Mzee wa mwisho alikuwa na mikono nyuma ya mgongo. Aliponipita alifungua kiganja kimoja, akakikunja mara mbili: njoo.

Nikaingia.

Upepo ulikatika ghafla kiasi kwamba nilisikia magurudumu ya wote, sauti moja. Muda mfupi baadaye mwingine akaja nyuma yangu, akaweka vidole kiunoni pangu, kwa wepesi, kama ilivyo desturi mkiwa mmekaribiana, ili asikugonge. Mwili ulikakamaa. Nilitazama visigino vya mzee: kulia, kushoto, kulia. Ili nisimkanyage ilibidi nidumu juu ya mguu wa kushoto kwa muda uleule aliodumu yeye. Nikadumu. Baada ya mito kadhaa nikagundua kwamba nimeacha kuuhesabia.

Zamu yangu ya mbele ilifika karibu na Duluth. Nilikata upepo kwa kadiri nilivyoweza, ambayo haikuwa nyingi, na hakuna aliyenipita kwa kukosa subira. Mwishoni hufungwa barabara kuu ya I-35, na mnapita ndani ya mahandaki yake ambako siku nyingine hupita magari tu. Humo watu walipiga kelele kwa furaha, nami nikapiga.

Muda wangu ulikuwa mbovu kuliko wa miaka yangu yote ya nyuma. Hotelini nilipima vigimbi vyote viwili kwa utepe wa fundi cherehani. Havikuwa vimebadilika tangu asubuhi. Nikainua miguu ukutani na kupiga simu Mwanza, kwao jioni imeingia.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mguu?”

“Mzima.”

“Umekuwa wa ngapi?”

Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama walikuwepo waliobaki nyuma yangu. Nikamwambia walikuwepo, tena wengi.

“Basi oga, ule, ulale,” akasema.