Fani ndogo ya takwimu, kabla maksai hawajaingia shambani

Nimeshaamua. Fani yangu ndogo itakuwa takwimu, na fomu nataka isainiwe mapema, kabla sijarudi Mbeya kupanda maharage.

Kwa msiojua utaratibu wa hapa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison: mwanafunzi wa uzamivu hakai ndani ya somo lake tu. Anatakiwa asome pia kitu cha nje, na njia iliyozoeleka ni fani ndogo. Ukichukua Chaguo B, unakusanya kozi kutoka idara mbalimbali, mradi zishikane na zisipungue yuniti 9. Ukichukua Chaguo A, unaingia idara moja. Hapo pia yuniti 9 ndizo za chini kabisa, ila idara yenyewe ndiyo inasema kozi zipi inazitambua, na ina haki ya kudai zaidi. Yuniti za utafiti wa tasnifu hazihesabiwi. Na fani ndogo isipokamilika, hupandi hatua ya kubakiwa na tasnifu peke yake.

Kaka mmoja Mkenya aliyenitangulia hapa, mtu ninayemheshimu sana, alinishauri hivi: "Dada, chukua zilizo nyepesi, maliza, urudi nyumbani. Hakuna atakayekuuliza fani ndogo ulisoma nini." Neno lake nimelipima. Ufadhili una mwisho wake, na kozi nzito inaweza kumlia mtu muhula mzima. Lakini kwangu mimi mkulima wa ploti za majaribio, takwimu siwezi kuiweka kando kama pambo la cheti. Ndiyo itakayoamua kama nitakachomwambia mkulima wa Uyole, kule Mbeya, ni kweli au ni bahati ya msimu mmoja.

Jaribio langu lina mambo mawili: namna ya kuandaa shamba (kulima kwa plau, au kupanda bila kulima) na aina 6 za maharage. Mwanzoni nilichora ploti zote zikiwa ndogo, kila kitu kimechanganywa. Nikampigia mzee anayesimamia mashamba kule, nikamwamkia, nikamsomea mchoro. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Marahaba, mwanangu. Mchoro ni mzuri. Ila maksai wanataka mahali pa kugeukia. Kwenye kijiploti cha mita tatu watakukanyagia cha jirani."

Ikabidi plau ipewe vipande vikubwa, na aina za maharage zigawanywe ndani ya kila kipande. Nilipompelekea mwalimu wa usanifu wa majaribio mchoro mpya, hakugusa kwanza kompyuta. Alichukua chaki akauliza: "Ni kitu gani hasa kilipigiwa kura, ploti au kipande?" Yaani, bahati nasibu ilipanga nini, na wapi. Jibu ni kwamba maharage yalipigiwa kura ploti kwa ploti, lakini plau ilipigiwa kura kipande kwa kipande. Nina vitalu 4, yaani sehemu 4 za shamba ambamo jaribio zima linarudiwa, kila kimoja kina vipande 2, kwa hiyo vipande ni 8 na ploti ni 48. Anayezitazama zile 48 kwa haraka anadhani ana ushahidi mwingi kuhusu plau. Hana. Ushahidi wa plau unatoka kwenye vile vipande 8, na ukishaondoa tofauti za vitalu na plau yenyewe, digrii za uhuru (idadi ya taarifa huru zilizobaki) za kupimia kosa, yaani tofauti zinazotokea kwa bahati tu, zinabaki 3. Za kupimia maharage ni 30.

Ukivichanganya vyote kama kosa moja, utapata digrii 33, na kizingiti cha F cha asilimia 5 kwa plau, yaani kiwango ambacho hesabu lazima ikivuke ndipo tofauti isihesabiwe kuwa ya bahati tu, kitakuwa karibu 4.1. Ukifanya inavyostahili, kizingiti ni 10.1. Programu ya kompyuta itakupa jibu lolote kati ya hayo mawili bila kulalamika, kutegemea ulivyoiandikia. Ninawaza ni wakulima wangapi wanaweza kuambiwa waache plau, au waikope, kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa vibaya. Jambo hili linaniuma kweli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani idara ya takwimu inatutesa inapotaka tuguse nadharia, uwezekano na misingi ya ukadiriaji, badala ya mbinu peke yake. Mbinu hunifundisha kubonyeza wapi. Ile 3 sikuielewa kwa kubonyeza, niliielewa baada ya kufuatilia kura ilipigwa wapi na kwa nini kosa la kipande si kosa la ploti.

Isitoshe, sisi wa mashambani hatuendi ugenini tunapoingia takwimu. Jaribio la t, kipimo cha kulinganisha wastani kwa sampuli ndogo, lilichapishwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset kwa jina la kujificha, Student. Alikuwa mtu wa Guinness kule Dublin, akihangaika na shayiri na sampuli ndogo. Ronald Fisher aliingia kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na uchambuzi wa variansi, yaani kugawa tofauti za mavuno kwa vyanzo vyake, aliukuza akiwa katika kazi hiyo ya mazao na mbolea. Hapa Madison penyewe idara ya takwimu aliianzisha George Box mwaka 1960, na Box alikuwa ameanza na kemia. Fisher aliwahi kusema, mwaka 1938, kwamba kumwita mtu wa takwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwita apasue maiti, pengine aweze kusema limekufa kwa ugonjwa gani.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Usanifu wa majaribio unatangulia, muhula wa Septemba, ili Desemba niwe nimeumaliza na Machi niko shambani. Nadharia itafuata nikirudi, nikiwa na data zangu mwenyewe za kuiulizia maswali. Kozi ya tatu bado tunabishana na msimamizi wangu: yeye anataka modeli mchanganyiko, zinazotenganisha kosa la kipande na la ploti, mimi navutwa na takwimu za maeneo, zinazojali ploti ipo wapi shambani, kwa sababu shamba la Uyole lina mteremko na rutuba haifuati mipaka ya vitalu nilivyochora. Jumatatu nampelekea ramani ya mteremko huo.