Mafuta ya breki yanapungua, chini hakuna tone

Ilianza na taa. Ile nyekundu ya handbreki, yenye alama ya mshangao, ikawa inawaka nikikata kona ya kushoto na kuzima nikinyoosha. Ningekuwa naishi Dar ningeweza kumaliza mwezi bila kuistukia, ila mi naishi Lushoto, na kutoka hapa kushuka Mombo ni kilomita 30 na ushee za kona tupu, ukuta upande huu na korongo upande ule, kwa hiyo siku hiyo ikawa inawaka inazima inawaka inazima mpaka mama watoto akaniuliza baba Neema hiyo taa ya nini, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni swichi ya handbreki imechoka. Tulipofika Soni nikasimama, nikavuta handbreki nikashusha, nikavuta nikashusha. Ikazima. Nikamwambia si unaona?

Hakuna nilichokuwa nakijua. Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, lingekuwa mtu lingeshapiga kura mara kadhaa, na kwenye hizi gari taa ni moja ila ina kazi mbili: inakwambia handbreki imevutwa, na inakwambia pia mafuta ya breki yamepungua. Ndani ya kile kidumu cha plastiki juu ya masta silinda (ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) kuna boya dogo. Mafuta yakishuka, boya linashuka, taa inawaka. Sasa yakiwa yameshuka kidogo tu, yako pale kwenye mpaka, ukikata kona mafuta yanalala upande mmoja, boya linakosa cha kuelea juu yake, taa inawaka, ukinyoosha yanarudi inazima. Kwa hiyo taa ya kwenye kona ni kama salamu ya kwanza. Ukiona hivyo fungua boneti palepale, usicheze na handbreki kama mimi.

Nilikuja kufungua siku ya pili. Mafuta chini ya MIN. Nikaenda kwa fundi mmoja, mzee, nikamwamkia akaitika, akaangalia kidumu akasema jaza tu mwalimu, gari la zamani huwa linakunywa kidogokidogo. Nikanunua mafuta ya breki ya DOT 3, nikajaza mpaka MAX, nikaenda zangu. Wiki mbili mbele taa ileile, kona ileile.

Hapo ndo nikaanza kuwaza vizuri. Gari la zamani linaweza kunywa oili ya injini, hiyo sawa, inaungua. Mafuta ya breki hayaungui mle yalimo na hayakaushwi na jua, yamefungwa mle ndani. Yakipungua kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni halali: padi za mbele zinavyokwisha pistoni ya kalipa, ile inayozibana, inatoka nje zaidi, nyuma yake panabaki nafasi, mafuta yanashuka kuijaza. Lakini hiyo inachukua miezi na miezi, na padi zangu zilikuwa na miezi miwili tu. (Hapa ndo watu wanajiharibia, unakuta mtu kajaza mpaka juu padi zikiwa zimeisha, siku fundi anaweka padi mpya na kuirudisha pistoni ndani mafuta yote yanapanda na kumwagika, na yale yanakula rangi ya gari vibaya sana, ukimwaga osha na maji mengi saa hiyohiyo.) Njia ya pili ni kwamba yanavuja. Kutoka MAX mpaka MIN ndani ya wiki mbili hakuna padi ya hivyo duniani.

Basi jioni nikatandaza maboksi chini ya gari, moja kila tairi na moja chini ya injini. Asubuhi maboksi makavu yote isipokuwa la nyuma kushoto, lina doa kama sarafu. Nikapitisha kidole kwa ndani ya tairi, pale kwenye bamba la dramu, pamelowa na panateleza. Sasa hapo usikimbilie kusema ni breki, inaweza ikawa grisi ya bearing imeyeyuka. Mi nilichukua glasi ya maji nikadondoshea. Oili na grisi zinaelea juu, mafuta ya breki yanachanganyika na maji yanapotea kabisa. Yakapotea. Glasi usiirudishe jikoni, yale ni sumu, na mimi hilo nililijua baada ya kukemewa.

Kufungua dramu ikawa kesi nyingine. Unaweka mawe matairi ya mbele, unaachia handbreki, unapiga jeki na kuweka stendi, unatoa tairi, unavuta dramu. Haitoki. Dogo wa gereji ya jirani akaja na nyundo, nikamwambia subiri kwanza dogo, kwenye uso wa dramu kuna matundu mawili yenye uzi, unachukua bolti mbili za M8, zile za spana namba 12, unazikaza huku na huku nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, dramu inajisukuma yenyewe kutoka. Dogo akasema ana miaka minne kwenye kazi na siku zote alidhani yale matundu ni ya kutolea maji!

Ndani nilikuta uji. Ukiinua ile raba ya vumbi ya wili silinda, kile kisilinda kinachosukuma brek shuu, unyevu kidogo sio tatizo, ila hii ilimwaga. Brek shuu zote mbili zimelowa chapachapa. Dogo akatoa wazo ambalo ukikaa gereji utalisikia tu: tuzimwagie petroli tuziwashe moto, mafuta yataungua. Hapana. Shuu ikishanyonya imenyonya, ikipata moto wa kazi mafuta yanatoka tena, tairi moja linashika na jingine halishiki, gari linavuta upande, na mi nashuka Soni na watoto. Tukanunua seti mpya, kulia na kushoto. Na lile vumbi jeusi msilipulize na mdomo wala kompresa, shuu nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto, lowesha kitambaa ufute.

Kwenye silinda yenyewe tukabishana tena. Ripea kiti, yaani raba peke yake, ni rahisi sana, na kama ukuta wa silinda ni laini raba mpya zinatosha kabisa. Nikaingiza kidole nikahisi vishimo vya kutu. Dogo anasema tupige msasa. Nakubali msasa unatoa kutu, ila vishimo haviondoki, na raba inayosugua juu ya kishimo inakatika baada ya miezi michache halafu unarudi palepale. Nikachukua silinda nzima mpya, bei yake ilikuwa kama ya lita kumi za petroli, kwa kweli sikuona sababu ya kubana.

Nati ya paipu ndo ya kuwa nayo makini. Spana ya kawaida ya namba 10 inaila kona, ikishakuwa duara umekwisha, maana utaanza kuvuta na praiz na paipu itajipinda ikatike. Kuna spana ya paipu, mdomo wake umezunguka karibu nati nzima, imeachwa pengo dogo la kupitisha paipu. Azima kama huna. Mimina dawa ya kutu, kaa nusu saa, kunywa chai, rudi.

Baada ya hapo kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye paipu za breki. Unaanza na tairi la mbali zaidi na masta silinda, na kwa kuwa stelingi zetu ziko kulia, la mbali ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipo, ile nati ndogo ya kutolea upepo, mwisho wake umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo, mapovu yanatoka, anafunga, ndo mwenzake anaachia. Aliyekaa ndani asiachie kabla nipo haijafungwa, na kidumu kisiishe mafuta la sivyo mnaanza upya.

Tulifanya hivyo vizuri kabisa isipokuwa kitu kimoja. Dogo alikuwa ndani anakanyaga, kijana ana nguvu, anapiga pedeli mpaka chini kabisa, pa, pa, pa, na mimi niko chini nafurahi jinsi mafuta yanavyotoka kwa kasi.

Gari likashika breki kama jipya. Wiki ya kwanza safi. Wiki ya tatu, kona ya kushoto, taa.

Aisee nilikasirika. Nikarudisha maboksi, makavu yote. Nikafungua dramu zote mbili, kavu. Mipira ya mbele kavu, kalipa kavu, paipu nikazifuata na tochi kutoka mwanzo mpaka mwisho, kavu. Mafuta yanashuka na chini hakuna tone. Nikaanza kumuelewa yule mzee aliyesema linakunywa.

Kumbe kweli lilikuwa linakunywa. Mama watoto ndo aliyesema, mbona siku hizi ukiwasha asubuhi linatoa moshi mweupe. Mi nilidhani ni baridi ya Lushoto. Nikaangalia vizuri pale masta silinda inapojifunga kwenye busta, lile dude jeusi la duara linalolainisha pedeli ya breki, nikaona rangi ya busta chini ya kiungio imevimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Mafuta ya breki hayo. Nikalegeza nati mbili zinazoshika masta, paipu sikuzigusa, nikaivuta mbele kidogo kiasi cha kidole kupita, nikachungulia na tochi: mle ndani ya busta pamelowa.

Iko hivi. Raba ya nyuma ya masta silinda ikichoka haivujishi nje, inavujisha ndani ya busta. Busta inafanya kazi kwa kunyonywa hewa na injini kupitia mpira unaoenda kwenye manifodi, njia ya hewa ya kuingia kwenye injini, na mafuta nayo yakijaa yanaweza kunyonywa humohumo, yanaungua na kutoka kama moshi mweupe. Ndo maana hakuna tone.

Kwa nini iharibike wiki tatu baada ya kutoa upepo? Siwezi kuapa mahakamani, ila mimi naamini ni zile pa pa pa. Miaka 20 na zaidi pistoni za masta zinatembea sehemu ileile fupi, huko mbele zisikofika panajikusanyia kutu na uchafu. Siku moja unazipeleka mpaka mwisho, raba kuukuu zinapita kwenye msasa, zinachanika. Kwa hiyo kwenye gari la zamani weka kipande cha ubao chini ya pedeli wakati wa kutoa upepo, isifike chini. Sasa hivi nakijua, hakinisaidii kitu.

Masta nyingine niliagiza Dar, mtaa wa Gerezani, ikaja na basi mpaka Mombo. Muuzaji aliuliza swali moja la maana sana, gari lina ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasigande ukikanyaga breki) au halina, maana masta zake hazifanani. Akanipa na chaguo la mtumba wa Japani kwa nusu ya bei. Mtumba nachukua taa, mlango, hata injini. Raba zilizokaa stoo miaka hujui mingapi sichukui.

Mpya hiyo kabla ya kuifunga tuliibana kwenye vaisi, tukairudishia mafuta yake kwenye kidumu kwa vipande viwili vya mpira na kuisukuma polepole mpaka mapovu yakaisha, bila hivyo ungekanyaga pedeli siku nzima. Mafuta yaliyokuwa ndani ya busta tuliyavuta na sindano ya hospitali na kufuta na kitambaa, maana yakibaki yanakula ile raba kubwa ya ndani. Na tukabadilisha mafuta yote ya gari, sio kujazia. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Haya mafuta yananyonya maji kutoka hewani, DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 140, na mteremko kama wetu ukiweka mguu kwenye breki muda wote badala ya kushusha gia utayachemsha, yakichemka ni mapovu, na mapovu hayasimamishi gari. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana nayo tupa. Nimesikia makondakta wakisifia maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki, sitaki hata kuandika zaidi.

Nilichora mstari wa kalamu kwenye kidumu siku ile. Ni wiki ya tisa, mafuta yako kwenye mstari, Neema ndo mkaguzi kila Jumamosi.

Juzi tunashuka, tumepita Soni kidogo, taa ikawaka. Moyo ukaruka. Nikapaki pembeni, nikafungua boneti huku mikono inatetemeka, mafuta palepale kwenye mstari. Mama watoto akatoa kichwa dirishani akasema baba Neema, handbreki umeiacha tundu moja juu.