Tezi Imekatwa: Jioni Tatu za Kendwa

Sisi wa Dar es Salaam jua hutuchomozea baharini na kutuzamia nyuma ya maghorofa. Kwa hiyo Julai, nilipopata siku chache za mapumziko, nilivuka kwenda Unguja, nikapanda daladala namba 116 la Nungwi na kushuka njia panda ya Kendwa, begi la kamera mgongoni. Ufukwe wa pale unatazama magharibi. Jua linazama majini, unaliona mpaka mwisho.

Jioni ya kwanza nilipiga picha sitini. Usiku nikazipitia moja moja kitandani: zote picha ile ile. Mbingu nusu, bahari nusu, jua katikati. Tena dogo! Macho yangu yalikuwa yameliona likijaa magharibi yote, kumbe kwenye lenzi pana lilikuwa punje tu, halina mwenzake wa kulikuza wala kulipa maana.

Kesho yake nilifika saa kumi. Lilikuwa bamvua, maji yamejaa hadi kwenye miamba, hakuna pa kupita. Kando, mzee mmoja alikuwa anakalafati mashua iliyopandishwa mchangani. Anasokota pamba kwa vidole, anaipachika kati ya mbao mbili, halafu anaishindilia taratibu kwa patasi butu na nyundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wangoja nini?"

"Jua."

"Jua litakuja tu. Wewe ngoja maji."

Alisema kweli. Kuanzia hapo maji yalianza kupwa, na ilipokaribia saa kumi na mbili yalikuwa yameacha mchanga umelowa, una mikunjo, na dimbwi refu mbele ya mashua. Mbingu yote imo humo. Nikaomba ruhusa ya kumpiga picha mzee akiendelea na kazi yake, akaitikia kwa kichwa.

Nilipiga magoti, nikashusha kamera karibu iguse mchanga. Mstari wa upeo nikaupandisha mpaka theluthi ya juu, kwa sababu jioni ile utamu ulikuwa chini, dimbwini, mawingu hayakuwapo. Jua nikaliweka kushoto, mashua kulia, omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikielekea ndani ya picha. Mwanga nikaupima kwenye anga pembeni mwa jua, ili mashua na mzee vitoke vyeusi kabisa.

Hapo ndipo nilipoona kasoro. Mgongo wa mzee ulikuwa umegandana na ubavu wa mashua. Kwenye weusi ule vilikuwa kitu kimoja, nundu isiyoeleweka. Nikasogea hatua mbili kushoto. Upenyo wa mwanga ukaingia kati yao, mkono wenye nyundo ukaonekana, mtu akawa mtu. Jioni nzima sikupata faida kubwa kuliko hatua hizo mbili.

Na lazima uzipige mapema. Kwetu karibu na ikweta jua halishuki kwa mshazari, linadondoka. Tangu liguse maji hadi litoweke ni dakika mbili na kidogo tu. Ukianza kutafuta pa kusimama wakati huo, umekwisha chelewa.

Lilipozama watu wengi waliondoka. Nakusihi, usiondoke. Anga iligeuka waridi, kisha zambarau, na vijana wa dagaa wakaanza kutoka na taa zao, maana mwezi ulikuwa mwandamo na usiku ni wa giza. Kamera nikaituliza juu ya jiwe, nikaacha lenzi wazi sekunde nne.

Kabla ya kuagana nilimwonyesha mzee kioo cha kamera. Jua hakulitazama. Alikaza macho, akaweka kidole chenye mafuta karibu na ukingo wa picha.

"Omo imekaa vizuri. Lakini tezi umeikata."

Kweli. Nilikuwa nimeshughulika na jua na upenyo, nyuma ya mashua ikabaki nje ya picha. Kwake chombo kisicho na tezi si chombo.

Jioni ya tatu nikarudi palepale. Maji hukawia kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo dimbwi lilichelewa kutokea na nilikaribia kukata tamaa. Lilipotokea, mzee alikuwa upande wa pili wa mashua, anapaka mafuta. Nilipiga magoti, kisha nikainuka, nikarudi nyuma hatua tatu mpaka tezi ikaingia.