Siku moja maishani mwangu: fundi wa nyumba Houston, baridi kali ikiingia usiku

Saa 11 alfajiri. Simu inalia tahadhari ya hali ya hewa: baridi ya kutoka ncha ya kaskazini inaingia hapa Houston, Texas, usiku wa leo, nyuzi -7 za Selsiasi. Kwa mji wa kaskazini kama Chicago, hiyo ni baridi ya kawaida. Huku nyumba zimejengwa kukabili joto. Mabomba yanapita darini na kwenye kuta za nje, mengi yakiwa wazi.

Saa 1 asubuhi. Nipo kazini, kwenye maghorofa ya kupangisha kusini magharibi mwa jiji, ambako Waafrika tupo wengi. Naanza na koki za nje. Natoa mpira wa kumwagilia, namwaga maji yaliyobaki, naivisha koki sponji na kuifunga kwa teipu. Penye kona na viungo nazungusha mara mbili, maana ukiacha uwazi wa vidole viwili tu, bomba litapasukia hapohapo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na presha inayobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa hupasua hata shaba. Mara nyingi utajua barafu ikishayeyuka, dari inapoanza kumwaga maji. Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipokata umeme Texas, tuliyaona hayo nyumba hadi nyumba.

Saa 4. Dukani sponji zimekwisha. Tunatumia taulo kuukuu na mifuko ya plastiki.

Saa 5 hadi saa 9. Mlango kwa mlango. Kila mpangaji namwonyesha valvu ya maji ya nyumba yake, kisha namwambia aifunge mwenyewe nikiona. Makabati ya chini ya sinki yaachwe wazi yapate joto. Hita ikae mita 1 kutoka kwenye pazia, ichomekwe ukutani, si kwenye ekstensheni. Wengi wanauliza kama waache koki zikidondosha ili maji yasigande. Nawaambia wasikilize tangazo la jiji, kwa sababu koki nyingi zikidondosha presha hushuka, na mwaka 2021 presha ya maji ilishuka mpaka hospitalini.

Ghorofa ya pili kuna mama mmoja wa Bukavu, ana jiko la makaa kibarazani.

"Umeme ukikatika, mwanangu, nitaliingiza ndani. Moto ninaujua."

"Najua, mama. Lakini nyumba hii imezibwa kila upande, na hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Mtalala msiamke."

Mwaka 2021 watu wa hapahapa Houston waliwasha majiko sebuleni na magari gereji ili wapate joto. Mamia walipelekwa hospitali, na wapo waliokufa. Nakaa naye mpaka tunaelewana: familia yote italala chumba kimoja, blanketi zizibe chini ya mlango. Naweka betri mpya kwenye king'ora cha kaboni monoksaidi, hiyo hewa ya sumu. Jiko ananipa mwenyewe nilifungie stoo.

Saa 10 jioni. Napanga nani atagonga mlango wa mzee yupi. Serikali ya Texas ilihesabu vifo 246 vya ile dhoruba ya 2021, vingi vikiwa vya kuganda kwa baridi. Kazi hii siwezi kumwachia mtu aifanye kwa kukisia.

Saa 3 usiku. Mlinzi nimemwonyesha valvu kuu, spana ipo hapohapo. Nalala ofisini. Umeme ukikatika, naanza na ghorofa ya chini, kwa mzee anayetumia mashine ya oksijeni. Binti yake ameshakubali tumhamishie kwake.